Siku niliyodondoka Ipswich

Nikiwaambia watu nishawahi kuruka na parachuti wanacheka, tena wakiliona na hili tumbo ndo kabisa. Ilikuwa 1987, Ipswich, kule mashariki mwa Uingereza, mi nasomea unesi. Wodini ikapita karatasi ya michango, kila mwanafunzi aandike atafanya kitu gani watu wamchangie, mmoja kaandika atanyoa ndevu, mwingine atakimbia, mi kwa sifa zangu nikaandika parachuti nikijua hakuna mtu atatoa hela yake. Loo! Mpaka mpishi wa kantini alinipa pauni nzima.

Uwanja ulikuwa Nacton Road pembeni ya mji, na usifikirie lami, ni majani matupu, mvua ikinyesha ni tope. Ila una historia yake, ulifunguliwa 1930 na Prince of Wales, yule aliyekuja kuwa mfalme akauacha ufalme kwa ajili ya mwanamke, halafu vita vya pili vya dunia RAF, jeshi la anga la Uingereza, wakautumia. Jengo la abiria lilikuwa la 1938, vioo kwa vioo, tulikaa pale kwenye ngazi tunanywa chai tunaiangalia ile soksi ya upepo, mfuko wa kitambaa mlingotini unaojaa upepo ukivuma. Maana upepo ukizidi mwanafunzi haruki. Tulisubiri karibu siku nzima na mi kimoyomoyo naomba uzidi kuvuma.

Mafunzo yenyewe yalikuwa kuruka kutoka juu ya meza. Miguu pamoja, magoti pamoja, ukigusa chini jibiringishe kwa ubavu. Nadhani nilijibiringisha mara mia.

Jioni soksi ikalegea. Tukajibanza kwenye sakafu ya kandege kasicho na mlango, mkanda wa parachuti umefungwa kwenye ndege ili ukitoka tu ikufungukie yenyewe, we kazi yako ni kuhesabu kwa sauti "elfu moja, elfu mbili" mpaka elfu nne, yaani sekunde kama nne hivi, halafu uangalie juu. Nikakaa mlangoni miguu inaning'inia. Mwalimu akanigonga bega. Kiingereza chote kikanitoka, nilichopiga kelele ni "mama yangu weee" moja ndefu, na nilipoishiwa pumzi parachuti ilikuwa ishafunguka.

Halafu kimya. Yaani sijawahi kusikia kimya kama kile, nauona mto Orwell, na lile daraja lao jipya la 1982, mapaa ya nyumba yamesogea mpaka kwenye ua wa uwanja, nikasema mbona rahisi. Kumbe ardhi inakuja. Nikatanguliza mguu mmoja kama mtu anashuka daladala, kifundo kikalia kwa! Nikaburuzwa kwenye majani mpaka nikakumbuka kuvuta kamba.

Hospitali nikapelekwa palepale ninaposomea, na aliyenifunga bendeji ni mwenzangu wa darasani, anacheka machozi yanamtoka. Mama nilimwandikia Tanga nikamtumia na picha, jibu lake lilikuwa mstari mmoja: huku chini ulikosa nini?

Mwishoni mwa miaka ya 90 uwanja ukafungwa, ardhi ilikuwa ya manispaa na wao walitaka nyumba. Mwaka 2009 rafiki yangu wa Mombasa akanialika akika ya mwanawe, ananielekeza mtaa unaitwa Ravenswood, naingia na gari naona jengo lile la vioo, halikuvunjwa kwa sababu limehifadhiwa kisheria, ila sasa ni fleti, watu wameanika nguo. Nikapaki nikakaa ndani ya gari kidogo.

Wakati wa pilau nikawahadithia. Nikapiga hesabu kwa jengo lile na barabara, nikasema nahisi nilitua hapahapa mlipo, upande wa jikoni. Mke wa jamaa akatoa kichwa mlangoni, mwiko mkononi, "Basi shemeji kama ni hapa ulivunjia mguu, hebu njoo uonyeshe, maana kuna kigae kila siku kinanikwaa."