Nilivyosoma Mauzo na Masoko Chuo cha Jamii Huku Nikiwa Kazini

Chuo cha jamii, yaani chuo cha kozi za baada ya sekondari ambazo huwa chini ya shahada, kilinifaa kwa sababu moja kubwa: vipindi vya jioni. Mchana nilikuwa kwenye ghala la vifaa vya ofisi, nikipokea oda na kujibu simu za wateja. Darasani tulikaa pamoja na vijana waliomaliza sekondari juzi tu, na watu wazima wenye biashara zao. Mkufunzi akiuliza kwa nini mteja anaahirisha kununua, majibu hayakutoka kitabuni.

Nadharia haikunisumbua. Ile mihimili minne ya masoko aliyoipanga profesa wa Marekani E. Jerome McCarthy mwaka 1960, yaani bidhaa, bei, mahali na promosheni, niliishika kwa kuipachika kwenye bidhaa za pale ghalani. Kila mada mpya niliitafutia mfano kazini kesho yake. Ukisoma ukiwa na kazi, hiyo ndiyo nafuu yako, itumie.

Kilichonibadilisha ni hesabu, tena hesabu ndogo. Umenunua kitu kwa 80, unauza 100. Faida ni 20: ni asilimia 25 ya gharama, lakini asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Wengi huchanganya hizo mbili. Sasa mpe mteja punguzo la asilimia 10. Unauza kwa 90, unabaki na 10. Nusu ya faida imeondoka, na ili uirudishe itabidi uuze mara mbili ya idadi ile ile. Tangu siku hiyo, muuzaji anayekimbilia punguzo kabla hajaulizwa huwa namshangaa.

Somo la mauzo lenyewe lilikuwa la vitendo. Mmoja anakuwa muuzaji, mwingine mteja, na mteja anapewa kikaratasi chenye siri ya kinachomkera hasa. Mazungumzo yanarekodiwa kwa simu. Nilikuwa nikisikiliza rekodi zangu usiku na kupima nani ameongea zaidi. Kama ni mimi, najua nimeuza vibaya.

Zoezi moja nalikumbuka vizuri. Mwenzangu, mama mmoja mwenye uzoefu wa biashara, alianza kwa kusema, "Bei yenu iko juu."

Nikamuuliza, "Iko juu ukilinganisha na nini, mama?" Kisha nikanyamaza.

Kimya kile kilinichoma, lakini nilikivumilia. Akapekua kikaratasi chake, akasema, "Na yule anayeniuzia sasa, ila mzigo wake unachelewa kila mara." Basi! Tatizo halikuwa bei. Tukaanza kuzungumzia siku za kufikisha mzigo, na habari ya punguzo haikurudi tena.

Kazi ya kikundi, kuandaa mpango wa masoko, ilikwenda kama kazi zote za vikundi: wawili wanafanya, wengine wanasaini. Nilichukua sehemu ya bajeti ili nisibishane na mtu kuhusu rangi za tangazo.

Anayefikiria kusoma hivi na baadaye kuendelea na shahada, aulize mapema, kabla ya kulipa ada, ni kozi zipi zitatambuliwa na chuo kikuu anachokilenga. Si zote zinazohamishika, na kila chuo kikuu kina masharti yake. Jibu alipate kwa maandishi.