Kumbukumbu ya Mradi wa Sefu: Kuchagua Kitasa

Kasha na mlango wa sefu ninayoitengeneza, sanduku la chuma la kuhifadhia vitu vya thamani, vimekamilika, na kazi iliyobaki ndiyo nzito kuliko zote, yaani kuchagua kitasa. Nimetoboa matundu ya skrubu kwa vipimo vya kawaida ambavyo vitasa vingi, vya elektroniki na vya kuzungusha, huvitumia kwa pamoja, hivyo nitaweza kubadilisha aina baadaye bila kutoboa chuma upya.

Kitasa cha elektroniki hufunguka kwa sekunde chache hata gizani, kwa kawaida kwa tarakimu 6, na mwenyewe hubadilisha namba ya siri bila kumwita fundi. Wengi huhofia betri, lakini katika vitasa vizuri betri hukaa upande wa nje na namba hubaki kwenye kumbukumbu hata umeme ukiisha. Mimi ninahofia zaidi saketi na waya upitao mlangoni, kwa sababu vinaweza kufa ghafla bila dalili yoyote, na hapo mara nyingi dawa ni kutoboa mlango.

Kitasa cha kuzungusha hakina umeme kabisa. Ndani yake yamo magurudumu 3, kila moja likiwa na pengo ukingoni, na mapengo hayo yakilingana, kipande cha chuma kilichokuwa kimezuiwa huangukia humo na kulivuta komeo. Kisahani kinachozungushwa kwa mkono kina namba 0 hadi 99, kwa hiyo kwa hesabu tupu michanganyiko ni 1,000,000, ingawa inayotumika ni pungufu, kwani kitasa hukubali namba iliyokosewa kidogo. Kikichakaa, huanza kusumbua mapema, na dalili hiyo kwangu ina thamani kubwa.

Sefu hii itahifadhi hati zinazotolewa kwa nadra, basi nimechagua cha kuzungusha. Ningekuwa naifungua kila siku, ningeamua vingine. Nitatafuta cha daraja la 2M katika viwango vya UL, shirika la Marekani linalopima usalama wa bidhaa, ambacho humstahimili kwa saa 2 mtaalamu anayeitafuta namba ya siri kwa kupapasa na kuhisi magurudumu yanavyokaa.

Hatua inayofuata ni kukifunga na kupanga namba mpya kwa ufunguo wake maalumu. Nitaijaribu namba hiyo mara kadhaa mlango ukiwa wazi na komeo likiwa limetokeza nje, kwa sababu ikipangwa vibaya na mlango ukafungwa, hakuna njia nyepesi ya kuufungua.