Siku moja maishani mwangu: ng'ombe anataka majani, mimi nataka mbegu

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, kwanza maziwa, maana yule wa bodaboda anayebeba maziwa hapa kwetu Vihiga hangoji mtu. Nikimaliza kukamua namwekea ng'ombe nepia (yale majani marefu ya tembo) iliyochanganywa na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, na hapo ndio kazi ya akili inaanza, kwa sababu desmodiamu hiyo hiyo ndio mbegu yangu ya kuuza.

Saa moja na nusu niko shambani. Kipande cha kwanza desmodiamu iko katikati ya mistari ya mahindi, ile mbinu ya sukuma-vuta ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu: desmodiamu inafukuza bungua, wale wadudu wanaotoboa mabua ya mahindi, na kuzima kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nepia ya pembeni inavuta wadudu. Hiyo ndio nakatia ng'ombe. Kipande cha pili ni cha mbegu, na mundu hauingii huko matumba ya maua yakishaonekana. Maua yanakaa kwenye ncha za matawi jamani, ukikata ncha umebeba maua yote, mmea unarudi kuchipua majani upya kwa akiba ya mizizi, hata vile vinundu vya mizizini vinavyonasa naitrojeni vingine vinakufa, na mpaka uje kutoa maua tena mvua imeshaenda zake.

Lakini kuacha kabisa bila kukata pia mimi sikubali! Isipoguswa inalaliana, chini kunakuwa giza, majani ya chini yanaoza na maua yanakuja ovyo, huku ganda limekauka huku ua ndio linafunguka. Mkato mmoja wa mapema, mmea ukiwa bado wa majani tu, unaleta matawi mengi ya rika moja na maua yanatoka karibu pamoja. Ila kata juu, sentimita 15 hivi kutoka chini, kwa sababu macho ya kuchipua yako kwenye shina, sio kama lusini (alfalfa) inayochipukia pale shina linapokutana na mzizi. Ukinyoa mpaka udongoni unaua shamba.

Saa nne shemeji huyo, mundu mkononi. "Shemeji, hii yote imesimama tu na ng'ombe wangu amezaa juzi, nikate kidogo?" Nikamchumia ganda bichi nikampasulia, mbegu bado laini kabisa. Nikamwambia, hii inalishwa na haya majani unayoyaona, ukiyavua sasa mbegu itabaki nyepesi, nikipepeta inaruka na makapi. Akashika ile mbegu akaiangalia sana, akasema "basi shemeji nionyeshe pa kukata," nikampeleka kwenye mahindi akajaza mzigo wake.

Mchana nyuki wamejaa kwenye maua, nawapisha kwanza. Kuanzia saa nane navuna kwa mkono maganda ya kahawia tu, kwa sababu ukisubiri yote yakauke ya kwanza yatakuwa yameshapukutika, na yanang'ang'ania nguo balaa, leso yangu yote imejaa. Saa kumi nasugua, napepeta, naanika kwenye turubai.

Jioni baada ya kukamua mteja wa Kakamega akapiga, anataka kujua mbona ile desmodiamu ya majani ya kijani kitupu mbegu zake ni ndogo hivyo kuliko hii yenye mstari mweupe katikati ya jani. Nikamweleza ndivyo ilivyo, kilo moja ya ile ina mbegu zaidi ya laki sita, hii yangu ni kama laki mbili tu, kwa hiyo asipime kwa macho. Akauliza na ng'ombe wake watakula nini akiamua kuiacha itoe mbegu. Nikamwambia agawe shamba kama mimi, na akishavuna ganda la mwisho akate yote kwa kile kimo cha 15, majani yale yamekomaa kidogo lakini ng'ombe wanakula vizuri tu. Upande wangu wa mtoni umeshamaliza kuvunwa, kesho naingiza mundu.