Siku Moja, Onyesho Moja: Kutunga Muziki wa Filamu Kampala

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimekwisha kaa mbele ya kompyuta nikiwa na vipokea sauti masikioni, kwa kuwa huo ndio wakati pekee ambao mtaa wetu wa Ntinda hutulia kiasi cha kuniwezesha kusikia jambo dogo. Mimi ni mtunzi wa muziki wa filamu, na kwa siku nne mfululizo nimekuwa nikishughulikia onyesho moja la dakika mbili na sekunde 40. Binti amerudi nyumbani baada ya miaka kadhaa ya kazi za ndani ughaibuni, amemkuta baba yake ameuza kibanja ambacho yeye ndiye aliyekuwa akituma fedha za kukijenga, na sasa wawili hao wanakunywa chai bila kulitaja jambo lenyewe.

Nililitazama onyesho mara tatu bila muziki wowote. Mara ya tatu niliona kitu ambacho siku zote nne kilinipita: ilipofika sekunde ya 52, baba alianza kukoroga chai ambayo hakuitia sukari. Niliandika muda huo daftarini na kuufuta mwanzo wote niliokuwa nimeutunga, kwa sababu muziki ukianza kabla ya kijiko hicho, mtazamaji atakuwa amekwisha ambiwa siri ambayo mwigizaji bado anaificha.

Saa mbili asubuhi nilifanya hesabu. Kutoka kwenye kijiko hadi binti anapofunga mlango, dakika 1 na sekunde 46, kuna sekunde 54. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, kila pigo huchukua fremu 20, yaani picha 20 moja moja, katika filamu ya fremu 24 kwa sekunde, jambo linalorahisisha kazi sana. Lakini sekunde 54 huzaa mapigo 64.8, na mlango ungefungwa katikati ya pigo na pigo. Nilipopunguza mwendo hadi 71.11 nilipata mapigo 64 kamili, na mlango ukaangukia pigo zito la kwanza baada yake. Niliridhika, nikaenda kunywa chai.

Saa nne walifika wapigaji watatu wa amadinda, marimba makubwa ya Buganda. Mzee anayewaongoza alijifunza Kiswahili jeshini, na ndiyo lugha tunayozungumza mimi na yeye, kwani mimi nimekulia Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako Kiganda si lugha ya nyumbani. Walilaza vigogo viwili vibichi vya mgomba kwenye sakafu ya studio, wakapanga juu yake vibao 12 vya mti wa musambya, wakachomeka vijiti katikati ili vibao visigongane. Wawili huketi wakitazamana na kupiga kwa kupishana, huyu akijaza nafasi anayoiacha mwenzake, na wa tatu hushughulikia vibao viwili vya juu tu. Masikio ya msikilizaji hupata sauti moja inayokimbia ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga peke yake.

Hapo ndipo piano yangu iliposhindwa. Mwongozaji alikuwa amehariri onyesho hilo kwa muziki wa kuazima uliokuwa na piano, na mimi kwa uzembe wa mazoea nilikuwa nimeandika piano chini ya marimba. Amadinda hugawa oktava, yaani umbali kutoka sauti moja hadi ile inayofanana nayo juu yake, katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja takriban senti 240 (oktava nzima ni senti 1,200), ilhali hatua ndogo ya piano ni senti 100. Kwa hiyo sauti nyingi za marimba huangukia mahali ambapo piano haina kibonye. Zipo programu za kuzivuta sauti za marimba hadi zilingane na piano, na watunzi wengi huzitumia. Mimi nilikataa. Baba yule amezeeka akisikia sauti za vibao hivyo, na kumrekebishia masikio yake ili yafanane na ya kinanda ni kumdhulumu katika filamu yake mwenyewe. Niliifuta piano, nikampigia simu mpigaji chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, ambaye hutafuta sauti kwa kidole na anaweza kuwafuata.

Mzee aliomba kuonyeshwa picha. Alitazama hadi mwisho, kisha akauliza, “Kijana wangu, hawa wanagombana?”

“Bado, mzee. Hawajaanza.”

“Basi fimbo zetu zina kelele mno.” Alitoa mfukoni kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mutuba, akakichana na kuzifunga ncha za fimbo zote sita. Nilipompa kipokea sauti chenye mdundo wa mashine alikivua kwa upole, akasema kwamba wao husikilizana. Walirekodi mara tatu, na ya tatu ilinisimamisha nywele. Iliisha karibu sekunde nzima kabla ya mlango.

Chelo ilirekodiwa saa saba. Saa tisa mvua ilianza kupiga mabati na hatukuweza kurekodi tena.

Mwongozaji, ambaye naye ni wa Arua, alifika saa kumi na moja jioni akiwa amelowa. Nilikuwa nimenyoosha rekodi ile ya tatu kwa programu hadi pigo la mwisho likakutana na mlango, na nilimwonyesha hivyo kwanza. Alinyamaza. Kisha nikamwonyesha kama wapigaji walivyoiacha: marimba yanakoma, binti ananyanyuka, na mlango unafungwa bila msaada wa muziki.

“Kaka, hii ya pili,” alisema. “Mlango una sauti yake.”

Hesabu yangu ya asubuhi ilikuwa sahihi, na haikuhitajika. Aliomba jambo moja zaidi: chelo impishe baba anapouliza, “Umekula?” Sauti ya mwanamume na chelo huishi mahali pamoja, basi niliihamisha chelo oktava moja juu kwa neno hilo tu.

Saa moja usiku nilitoa faili, marimba peke yake na chelo peke yake, sampuli 48,000 kwa sekunde, ili mchanganyaji aweze kupunguza kimoja bila kugusa kingine. Niliambatanisha karatasi za malipo zenye saini za wapigaji wote, kwa kuwa sheria ya Uganda ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 2006 inamtambua mpigaji pia.

Kabla ya kulala nililitazama onyesho zima mara moja tena. Baada ya mlango kufungwa, baba anabaki peke yake kwa sekunde 54, akivitazama vikombe viwili. Hapo sikuandika chochote.