Siku moja maishani mwangu: Asubuhi nabeba insulini kwenda Osage, jioni naenda sinema

Alhamisi, Oktoba 19, 2023

Saa 11:00 alfajiri

"Shikamoo kaka. Leo ndiyo leo?"

Mdogo wangu yuko Mwanza. Kwake ni saa 7 mchana, ametoka kula na ana muda wa kuongea. Mimi niko Tulsa, Oklahoma, nje giza totoro. Nimemwitikia marahaba, nikamwambia leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Jioni hii majumba ya sinema ya hapa yanaanza kuonyesha *Killers of the Flower Moon*, filamu mpya ya Martin Scorsese kuhusu mauaji ya Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, siku moja kabla ya tarehe rasmi. Tiketi nilinunua wiki mbili zilizopita.

Sisi wawili tumekulia kwenye kibanda cha video cha mjomba wetu, tukipokea viingilio mlangoni kisha tukijibanza nyuma kuangalia. Wenzetu wanavyofuatilia Simba na Yanga, ndivyo sisi tunavyofuatilia tuzo za filamu. Mwaka huu tumewekeana mbuzi wa Pasaka kwenye Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Yeye kamchagua Emma Stone, kwa sababu filamu yake *Poor Things* ilichukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice mwezi uliopita. Mimi nimemchagua Lily Gladstone, anayeigiza kama Mollie Burkhart, mwanamke wa Kiosage, katika hii ya Scorsese.

"Kaka, unachagua kwa moyo," ananiambia.

Ndiyo, nachagua kwa moyo. Na leo nitaeleza kwa nini.

Saa 12:30 asubuhi

Kazi yangu ni kupeleka dawa. Kuna duka la dawa hapa mjini linalohudumia wagonjwa wa vijijini, nami ndiye dereva wa upande wa kaskazini, Wilaya ya Osage. Vidonge vinakaa kwenye mifuko ya karatasi yenye majina. Insulini inakaa kwenye boksi la baridi, na hiyo ndiyo inayonipa presha. Haitakiwi kupanda juu ya nyuzi 8 wala kushuka chini ya 2. Ikiganda imeharibika, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Natandika mifuko ya barafu, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa dawa, halafu kipimajoto kidogo kinachoniangalia njia nzima kutoka kiti cha pembeni.

Leo nina vifurushi kumi na tisa, sita vya insulini.

Saa 2:10 asubuhi

Barnsdall. Jua limetoka muda si mrefu na nyasi za Oktoba zimekuwa na rangi ya shaba mpaka upeo wa macho. Katikati ya barabara kuu ya mji huu, magari yakipita kushoto na kulia kwake, kuna kisima cha mafuta na pampu yake. Hujengi kisima barabarani, ila mafuta yakiwa chini ya barabara utafanyaje? Kila mgeni ninayemleta huku lazima apige picha hapo.

Hiki kisima kinaeleza habari nzima kuliko tangazo lolote la filamu. Waosage walifukuzwa kutoka ardhi moja hadi nyingine, mwisho wakanunua wenyewe kipande hiki cha mawe na majani ambacho hakuna mzungu aliyekitaka. Mwaka 1906 serikali ilipowalazimisha kugawana ardhi mtu mmoja mmoja, walishikilia sharti moja: vilivyo chini ya ardhi visigawanywe, vibaki vya kabila zima. Waliandikishwa watu 2,229, kila mmoja na mgao wake sawa. Mgao huo haukuweza kuuzwa. Uliweza kurithiwa tu. Kisha mafuta yakatoka. Mwaka 1923 peke yake kabila lilipokea zaidi ya dola milioni 30, pesa ya wakati ule.

Rudia hayo maneno mawili: kurithiwa tu. Ukiutaka mgao wa Mosage, njia ni kumuoa, halafu afe.

Saa 3:15 asubuhi

Pawhuska, makao makuu ya taifa la Osage. Nina vifurushi vitano hapa.

Mwaka 2021 nilikuja na gari hili hili nikakuta barabara ya Kihekah imefunikwa udongo. Lami yote haionekani. Maduka yamebandikwa sura za miaka ya 1920, magari ya zamani yamepangwa kando, mabibi na mabinti wa Osage wamejitanda mablanketi. Nilisimama na mfuko wa dawa mkononi nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Toka siku ile naisubiri filamu hii, miaka miwili na zaidi.

Watu wengi wanaoisubiri wanasubiri kuwaona waigizaji De Niro na DiCaprio pamoja kwa Scorsese, na hiyo nayo si kitu kidogo, maana amefanya kazi na kila mmoja kwa miaka mingi lakini hajawahi kuwaweka wote wawili katika filamu ndefu moja. Mimi nasubiri kingine. Maandishi ya kwanza ya filamu yalimfuata mpelelezi, Tom White, aliyetumwa na ofisi iliyokuja kuitwa FBI. DiCaprio ndiye alikuwa awe huyo White, shujaa anayefika mjini na kufumbua fumbo. Scorsese akaenda kukutana na Waosage wenyewe. Baadaye hadithi ikapinduliwa: DiCaprio akawa Ernest, mume wa Mollie, na mpelelezi akaachiwa Jesse Plemons anayeingia hadithi ikiwa imekwenda mbali. Mzee wa miaka 80, mwenye jina lake tayari, akakubali kuanza upya. Hapo ndipo aliponishika.

Si wote huku walioridhika. Mmoja wa washauri wa lugha ya Osage amesema hadharani wiki hii, siku ya uzinduzi Los Angeles, kwamba angependa hadithi isimuliwe kwa macho ya Mollie. Nadhani ana haki kabisa. Naenda kuangalia jioni nikiwa na neno lake kichwani.

Saa 5:00 asubuhi

Kati ya Pawhuska na Fairfax kuna bibi mmoja. Jina lake na kijiji chake sitaji, kazi yangu hairuhusu. Ana kisukari. Kila nikimfikishia insulini hufanya jambo moja. Anapokea boksi kwa mikono miwili, analiweka juu ya meza karibu na dirisha, anavaa miwani, anapitisha kidole gumba taratibu kwenye lakiri pande zote nne. Anasoma jina lake. Anasoma tarehe. Anachukua chupa, anaiinua kwenye mwanga na kuizungusha, anatazama kama maji yake ni maangavu, hayana ukungu. Hapo tu ndipo husaini karatasi yangu.

Miezi ya kwanza nilikuwa nasimama mlangoni nikihesabu dakika. Nilidhani haniamini kwa sababu ya rangi yangu au lafudhi yangu. Nikaumia kimoyomoyo, sikusema.

Kisha nikasoma habari za Mollie Burkhart. Mollie alikuwa na kisukari, wakati ambao insulini ilikuwa dawa mpya kabisa duniani. Alikuwa akidungwa sindano nyumbani kwake, na badala ya kupata nafuu akazidi kudhoofika. Alipotolewa mikononi mwa waliokuwa wakimtibu, akapona. Wapelelezi waliamini alikuwa akilishwa sumu. Dada yake Minnie alikuwa amekufa mwaka 1918 kwa ugonjwa usioeleweka. Dada yake Anna alikutwa bondeni mwezi Mei 1921, amepigwa risasi kichwani. Mama yao akafuata miezi miwili baadaye. Kila aliyekufa, mgao wake uliteremka kwa Mollie, na nyuma ya Mollie kulikuwa na mumewe, na nyuma ya mumewe mjomba wake, William Hale, tajiri wa ng'ombe aliyejiita rafiki wa Waosage.

Tangu nisome hayo sihesabu tena dakika. Nasimama na kofia mkononi mpaka amalize.

Leo alijua naenda sinema, kwa sababu nilimwambia wiki iliyopita. Yeye ataenda na wajukuu zake, si leo.

"Mwanangu," ameniambia akirudisha chupa kwenye boksi, "usinisimulie. Ila nijibu kitu kimoja. Huyo msichana anayekuwa Mollie, anaongea? Au wamemkalisha tu anatazama?"

Nimemwambia nitamletea jibu.

Saa 7:00 mchana

Fairfax. Nakula mkate wangu ndani ya gari, boksi la baridi liko nyuzi 5.

Hapa ndipo nyumba ya Rita, dada mwingine wa Mollie, ilipolipuliwa usiku wa manane kuamkia asubuhi ya Machi 10, 1923. Rita alikufa papo hapo pamoja na msichana wao wa kazi, mumewe akafa siku chache baadaye. Sasa angalia tarehe ya sherehe za Oscar zijazo: Machi 10, 2024. Sidhani kama aliyepanga kalenda alijua. Lakini mimi ninayepita mitaa hii kila wiki siwezi kuacha kuliwaza. Miaka 101 kamili, na huenda siku hiyo mwanamke aliyeigiza kama dada yake Rita akaitwa jukwaani.

Saa 9:30 alasiri

Narudi kwa njia ya Hominy na Skiatook. Mdogo wangu ameamua kutolala, ananitumia sauti moja baada ya nyingine na mimi namjibu nikisimama.

Hoja yake ni hesabu, na hesabu zake ni za kweli. Scorsese ametajwa kuwania Oscar ya uongozaji mara 9 na kushinda mara 1, mwaka 2007. *Gangs of New York* ilitajwa mara 10 ikaondoka mikono mitupu. *The Irishman* nayo mara 10, mikono mitupu vilevile. Mwaka huu kuna *Oppenheimer*, ambayo watu wameijaza kumbi tangu Julai. Filamu ya Scorsese ina saa 3 na dakika 26. Tena waigizaji wako kwenye mgomo tangu Julai 14, hawaruhusiwi kuinadi. Lily Gladstone hawezi kukaa hata kwenye kiti kimoja cha mahojiano kuizungumzia kazi yake.

Nakubali karibu yote. Uongozaji naona utakwenda kwa Christopher Nolan na *Oppenheimer* yake, na filamu bora pia. Nasikitika kusema hivyo, kwa sababu sijui mwongozaji mwingine wa umri ule anayethubutu kiasi hiki. Muziki ningependa upewe Robbie Robertson, aliyefariki Agosti bila kuiona siku hii. Mama yake alikuwa mwenyeji wa asili, Mmohawk na Mkayuga, na kazi yake ya mwisho kwa rafiki yake ikawa hii.

Ila kwa Lily sikubali. Ni binti aliyekulia kwenye eneo lililotengewa kabila la Blackfeet, Montana. Hakuna mwanamke wa wenyeji wa asili wa Marekani aliyewahi hata kutajwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora. Wengi walidhani atawania kama mwigizaji msaidizi, huko njia ingekuwa nyepesi. Mwezi uliopita ikatangazwa anawania nafasi ya mwigizaji mkuu. Kuna uamuzi unaosema mtu anajijua yeye ni nani katika hadithi, na huo ni mmoja wao. Mollie hakuwa msaidizi wa mtu. Mgao ulikuwa wake, ndugu waliokufa walikuwa wake, sindano ziliingia mwilini mwake.

"Tamasha la Cannes waliipigia filamu makofi dakika tisa," namwambia mdogo wangu.

"Cannes hawapigi kura Hollywood, kaka."

Huyu mtoto ameniweza.

Saa 12:00 jioni

Gari nimerudisha, boksi nimeosha na kulianika, nimeoga. Ukumbi umejaa. Mbele yangu kuna familia ya vizazi vitatu, wazee wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kanisani. Hakuna anayecheka kwa sauti. Nazima simu.

Saa 4:20 usiku

Sitaisimulia hapa. Nimeahidi kutomsimulia mtu mmoja na sioni haki kuwasimulia wengine kabla yake.

Mdogo wangu, kwake ni saa 12 na dakika 20 asubuhi, ameuliza neno moja: "Vipi?" Nimemjibu kwamba sibadilishi jina, na mbuzi awe dume.

Kisha nimetoa karatasi ya safari ya wiki ijayo. Alhamisi, kifurushi cha nane, insulini, kati ya Pawhuska na Fairfax. Pembeni ya mstari wake nimeandika kwa kalamu, nisije nikasahau maneno yenyewe nikiwa mlangoni: "Ndiyo bibi, anaongea. Kwa Kiosage pia."