Siku moja maishani mwangu: panya, matete na maji ya Kilombero

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijavaa viatu nasikiliza bati, bado inanyesha? Nina mitego 60 kule bondeni, ya kunasa panya niwapime na kuwaandika, na usiku wa mvua mnyama mdogo akilowa ndani ya mtego anakufa kwa baridi, ndo maana jana kila mtego niliuwekea nyasi kavu.

Saa kumi na mbili, mtumbwini. "Maji yamepanda mwanangu, panya wako leo wako vichuguuni," ananiambia mzee anayenivusha. Na kweli! Mitego ya vichuguuni imefunga karibu yote. Mafuriko ya masika yakija kichuguu kinakuwa kisiwa, wote wanabanana hapohapo, panya, virukanjia (wale wadogo wa pua ndefu wanaokula wadudu), hadi nyoka, so fimbo mbele kwanza.

Saa moja mpaka saa nne ni kupima. Glavu muhimu, mkojo wa panya unaambukiza leptospira, bakteria wanaoleta homa. Kando ya mpunga napata panya shamba tu, mmoja baada ya mwingine, jike la leo lina mimba na mimba yao ni siku 23 hivi, chuchu zao zinaweza kufika 24, we fikiria. Ila ingia kwenye matete, maji ya magoti, unakutana na Dasymys, panya wa kinamasi mwenye manyoya marefu, anaogelea vizuri mno, na kule mpungani simpati kabisa. Nampenda sana huyu. Kwenye ukingo nimepata kirukanjia mmoja, huyo hasubiri foleni, nampima fasta namwachia maana akikaa masaa machache bila kula anakufa. Zile ndoo nilizofukia ardhini ili virukanjia watumbukie nilizifunika jana, zikijaa maji wanazama.

Saa nne jua limewaka, mtego wa bati ni oveni, lazima uwe umemaliza.

Mchana wali na perege, halafu daftari. Watafiti wa chuo cha Sokoine pale Morogoro wanafuatilia panya shamba tangu miaka ya 1980, na walichoona ni kwamba vuli ikinyesha sana panya wanaanza kuzaa mapema, watoto nao wanawahi kukua na kuzaa, ikifika baadae shamba linaliwa. Kwa hiyo mvua ya Novemba naiandika kwa makini kuliko kitu chochote.

Saa kumi narudi na chambo, siagi ya karanga na pumba. Njiani nakuta jirani anafyeka matete, anasema ndo kwenye panya. Nikamwambia kaka, huyu anayekula mpunga wako anapenda shamba lililoachwa na magugu, ukimaliza matete unamfukuza yule asiyekudai kitu na unamwongezea nafasi huyu mwizi. Akanyamaza, akaacha kipande cha upande wa mto. Kesho nampelekea panya wote wawili awaone, wa shamba na wa matete.

Saa kumi na mbili jioni wingu limerudi upande wa Udzungwa. Naongeza nyasi kavu, mtego kwa mtego.