Kuruka kwa Vyombo Ukiwa Nyumbani: Simuleta Inachofundisha na Inachoharibu

Kuruka kwa vyombo ni kuiongoza ndege kwa kusoma vyombo vilivyo mbele yako, bila kuona nje. Rubani akiingia ndani ya wingu, macho hupoteza upeo na sikio la ndani huanza kumdanganya. Ndege iliyolala upande polepole humfanya ahisi imenyooka, na akiinyoosha huhisi inalala upande wa pili. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo. Walipozuiwa kuona nje, wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu.

Simuleta ya mezani, yaani programu ya kompyuta inayoiga ndege, haitikisiki, kwa hiyo haiwezi kukufundisha kulipuuza sikio lako. Hilo litajifunzwa angani, mwalimu akiwa kiti cha kulia. Inachoweza kufundisha vizuri ni macho na mpangilio: macho yaende wapi na kwa zamu gani, na mambo yafanywe kwa mfuatano upi. Hizo ndizo kazi kubwa za kuruka kwa vyombo, na ndizo zinazomaliza fedha za mwanafunzi pale anapozijifunza injini ikiwa inawaka. Ila simuleta haifundishi kwa kuwa tu imewashwa. Ukiiacha jinsi inavyotoka dukani, itakupa tabia ambazo mwalimu atatumia saa nyingi kuzing'oa.

Tuanze na kompyuta. X-Plane 12 na Microsoft Flight Simulator zote zinafaa. Watu hununua kadi ghali ya picha ili waone paa za nyumba, kumbe ndani ya wingu hakuna paa la kuona. Punguza majengo, miti, vivuli na magari mpaka programu ifikie angalau picha 30 kwa sekunde bila kushuka. Chini ya hapo, unapovuta usukani picha huchelewa, unavuta zaidi, kisha ndege inapitiliza. Unadhani mkono wako ni mbovu, kumbe ni kompyuta inayohema. Sogeza kamera mpaka vyombo vionekane kwa ukubwa unaokaribia wa kweli, kisha ifunge hapo. Usukani wa kuvuta na kusukuma unafaa zaidi ya joistiki kama ndege unayofundishiwa ina usukani, lakini joistiki ya bei nafuu inatosha kuanza. Pedali zinaweza kusubiri. Kama mtaani kwenu umeme hukatika mara kwa mara, weka betri ya akiba ya kompyuta kabla ya kununua pedali.

Sasa trimu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Katika ndege halisi unavuta usukani mpaka pua ikae unapotaka, unazungusha gurudumu la trimu, na uzito unaondoka mkononi huku usukani ukibaki palepale. Usukani wa nyumbani una springi, na springi haijui lolote kuhusu trimu. Ukizungusha trimu huku umeshikilia usukani mahali pamoja, pua inapanda. Dawa yake: shikilia pua kwa kutazama upeo wa bandia (chombo kinachoonyesha kama ndege imenyooka, imelala au imeinua pua), zungusha trimu kidogo kidogo, na wakati huohuo ulegeze mkono polepole mpaka usukani urudi katikati. Jicho lisiondoke kwenye upeo wa bandia. Usiiweke trimu kwenye kitufe kinachoruka hatua kubwa kila ukikibonyeza. Ndege ikikataa kutulia, kwanza chunguza kitufe hicho kabla hujajilaumu. Kwa kweli kuishika ndege ya simuleta kwa mkono mara nyingi ni kugumu kuliko kuishika ya kweli, maana mkono hauhisi chochote.

Kabla ya kugusa chati yoyote, yaani ramani ya rubani, tafuta namba za ndege yako. Chukua Cessna 172, panda futi 3,000, zima upepo. Weka injini mizunguko 2,200 kwa dakika, tuliza trimu, ngoja dakika nzima, soma kasi. Ongeza au punguza mizunguko 50 kwa 50 mpaka upate noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa) ukiwa umenyooka. Andika. Kisha punguza nguvu mpaka ishuke futi 500 kwa dakika kwa noti zilezile 90, bila kuisukuma pua. Andika. Kwa ndege ndogo ya namna hii, kupunguza mizunguko 100 huleta kushuka kwa futi kama 100 kwa dakika. Rudia kwa kupanda, na kwa flapu (vibawa vinavyoshushwa nyuma ya bawa) hatua ya kwanza. Utapata namba tano au sita kwenye kipande cha karatasi. Asiyekuwa nazo husukuma na kuvuta mkono wa gesi safari nzima, na akili yake yote inaishia hapo.

Baada ya namba, macho. Upeo wa bandia ndio kitovu: unauangalia, unaenda kwenye dira ya jairo inayoonyesha mwelekeo, unarudi, unaenda kwenye kipima mwinuko, unarudi, kipima kasi, unarudi. Kosa la kawaida ni kukodolea chombo kimoja. Mwinuko umekosea futi 80, mtu anautazama mpaka urudi, na wakati huo ndege imekwisha kugeuka nyuzi 20. Kosa lingine hutokea akiinamia chati iliyo kulia kwake, mkono wa kushoto unauvuta usukani bila yeye kujua. Shika usukani kwa vidole viwili na gumba, na usisome chati kwa zaidi ya sekunde mbili mfululizo.

Zoezi la kwanza liwe kavu kabisa, wingu kila upande, hakuna uwanja. Ruka umenyooka dakika moja, geuka nyuzi 90 kwa kona ya kawaida, panda futi 500 kwa futi 500 kwa dakika, geuka tena, shuka 500. Kona ya kawaida ni nyuzi 3 kwa sekunde, kwa hiyo nyuzi 90 ni sekunde 30 na mzunguko kamili ni dakika 2. Ulalo wake upate kwa kugawa kasi kwa 10 na kuongeza 5: noti 90 ni nyuzi 14. Mipaka unayojiwekea iwe ile ya mtihani wa Marekani: futi 100 juu au chini, nyuzi 10 za mwelekeo, noti 10 za kasi. Dakika 20 za zoezi hili bila otopailoti (mfumo unaoiongoza ndege yenyewe) zinachosha kuliko safari ya saa mbili, na zina faida kuliko safari hiyo.

Kwenye mzunguko wa kusubiri, yaani duru ndefu unayoirudia kwenye kituo cha redio ukingoja zamu yako, ongeza upepo. Weka noti 15 zinazopiga ubavuni. Kwa noti 90 utahitaji kuigeuza pua kama nyuzi 10 kuelekea upepo ili ubaki kwenye mstari wa kuingilia, ule unaoelekea kituoni. Unapotoka, zidisha mara tatu, nyuzi 30, kwa kuwa kona mbili zimekupeperusha bila wewe kurekebisha. Saa ya kutoka huanza ukiwa sambamba na kituo. Unaporudi, pima tena: kama mguu wa kuingia umechukua sekunde 45 badala ya 60, duru inayofuata ongeza sekunde kama 15 wakati wa kutoka. Hapa simuleta inaushinda ubao wa darasani, kwa sababu ukimaliza unafungua ramani na kuona umechora yai au umechora kiazi. Muhimu ni kuifungua baada ya zoezi. Ukiiacha wazi unaporuka, hujajifunza kujua ulipo.

Kutua kwa ILS, mfumo wa redio unaoionyesha ndege mwelekeo na mteremko wa kufika kwenye njia ya kutulia, nakushauri ujifunzie Nairobi, uwanja wa Jomo Kenyatta, njia 06. Uko futi kama 5,330 juu ya bahari, na mwinuko huo unafichua makosa ambayo Mombasa ingeyaficha. Kwanza, ukipaa na mchanganyiko wa mafuta umejaa kama ulivyozoea pwani, injini inakosa nguvu. Upunguze kabla ya kukimbia. Pili, wingu. Hakikisha kama programu yako inapima chini ya wingu kutoka baharini au kutoka ardhini. Wengi huandika 500, wakidhani ni futi 500 juu ya uwanja, na wingu linaishia ndani ya ardhi. Ukitaka wingu futi 500 juu ya njia na programu inahesabu kutoka baharini, andika 5,830.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kasi. Ukiwa futi 6,500, kipimo kikisoma noti 90, ndege kwa kweli inakwenda kama noti 102, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mteremko wa ILS ni nyuzi 3, kama futi 318 kwa kila maili ya baharini. Kanuni ya haraka ni kuzidisha kasi ya ardhini mara 5: pwani noti 90 zinataka futi 450 kwa dakika, lakini Nairobi, bila upepo, zinataka zaidi ya 500. Ukija na namba zako za pwani utabaki juu ya mteremko, utasukuma pua, kasi itaongezeka, na tatizo litakuzidi. Pia jikague kwa hesabu: ukiwa maili 5 kutoka kwenye njia, uwe futi kama 1,600 juu yake, yaani karibu 6,930 kwenye kipima mwinuko. Kama sindano ya mteremko iko katikati na mwinuko hauendani kabisa na hapo, kagua shinikizo la hewa uliloweka kwenye kipima mwinuko. Kosa la hektopaskali 10 ni karibu futi 300, na urefu wa kawaida wa kuamua kutua au kupaa upya ni futi 200 tu juu ya njia.

Sindano ya ILS hujaa upande mmoja ukiwa umekosea nyuzi kama 2.5, wakati ya VOR, kituo cha redio cha kuonyesha mwelekeo, hujaa kwa nyuzi 10. Na kadiri unavyoukaribia uwanja ndivyo inavyokuwa kali. Anayeikimbiza sindano huishia kupiga zigizaga mpaka mlangoni. Chagua mwelekeo, ushike, subiri uone sindano inakwenda wapi. Ukiwa mbali rekebisha kwa nyuzi 5. Ndani ya maili 2 usizidi nyuzi 2. Ikifika robo tatu ya kujaa, acha, paa upya. Usijisamehe kwa sababu uko mezani.

Kwa ndege zenye skrini za kidijitali za G1000 badala ya vyombo vya duara kuna mtego mmoja unaowanasa hata wenye uzoefu. Sindano inaweza kufuata GPS au ILS, na kitufe cha CDI ndicho kinachobadili. Ya zambarau ni GPS, ya kijani ni redio, yaani ILS au VOR. Mtu amepakia utaratibu wa kutua, masafa ni sahihi, anafuata sindano ya zambarau na anashangaa mteremko wa ILS haumfikii. Zoea kusema kwa sauti: masafa, alama ya Morse ya kituo imetambuliwa, sindano ya kijani. Na masafa yasome kwenye chati ya sasa. Takwimu za usafiri wa anga hubadilika kila siku 28, na zile zilizokuja na programu huenda ni za zamani.

Kisha haribu vyombo. Kwa Cessna yenye vyombo vya duara, iambie programu iue pampu ya hewa, inayozungusha jairo (gurudumu) la upeo wa bandia, wakati wowote bila kukutaarifu. Upeo wa bandia hauzimiki ghafla. Jairo hupungua kasi, upeo unalala taratibu, na wewe unaufuata. Anayezungusha macho vizuri huona kwamba kipima kona, kinachotumia umeme, hakikubaliani nao. Akiligundua, aufunike kwa kikaratasi cha gundi, kwa sababu jicho litaurudia hata ukijua ni mfu, kisha ageuke kwa saa ya mkononi: sekunde 10 kwa nyuzi 30.

Hali ya hewa mwombe mtu mwingine akuwekee, ndugu yako au jirani, bila kukuambia. Mara wingu futi 300 juu ya njia, mara futi 100. Anayejua kuwa ataiona njia hajifunzi kuamua. Na ukianza, usibonyeze kusimamisha muda. Angani ukichelewa kupanga redio, ndege inaendelea, na kuchelewa huko ndilo tatizo unalotakiwa kulitibu. Usijiweke pia moja kwa moja maili 5 mbele ya uwanja kila mara. Kazi ngumu iko kabla ya hapo. Kwa redio, mtandao wa VATSIM una waongozaji wa kujitolea wanaotumia lugha rasmi ya anga. Subiri mpaka mikono itulie ndipo uingie.

Saa hizi haziandikwi kwenye kitabu chako cha kuruka. Marekani, FAA, mamlaka ya anga ya huko, hukubali saa za vifaa vilivyoidhinishwa kwa barua, saa 10 au 20 kwa ajili ya sifa ya kuruka kwa vyombo kutegemea daraja la kifaa, mwalimu akiwepo. Kompyuta ya sebuleni haimo. Kwingineko waulize mamlaka ya anga ya nchi yako. Ila hifadhi njia uliyoiruka, ichape pamoja na mstari wa mwinuko, umpelekee mwalimu kabla ya somo. Mwambie pia kuwa umekuwa ukifanyia mazoezi nyumbani, ili siku ya kwanza ya kuvaa kofia ya kuziba macho yasione nje aangalie mambo mawili: kama mkono wako unausubiri usukani urudi katikati unapoweka trimu, na kama, ukivuliwa kofia juu ya njia, macho yako yanakataa kutoka kwenye vyombo.